Kauli Moja Kuhusu Farasi

Tulikuwa watu watatu na farasi mmoja, dume la miaka minne lenye rangi ya chai ya rangi. Mimi nilikuwa na robo. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa na robo. Nusu iliyobaki ilikuwa ya mzee mmoja wa Markham, huku ughaibuni tunakoishi, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mfamasia mstaafu aliyeongea Kiswahili kizuri kuliko sisi sote na aliyetukumbusha hivyo kila tulipokutana.

Tulipomnunua tuliweka sharti tulilolitoa kwenye kamati za harusi za nyumbani: hakuna linalofanyika mpaka wote tuseme ndiyo. Kauli moja. Nilidhani ni busara. Kumbe mwenye robo anaweza kukaa juu ya farasi mzima akakataa kushuka.

Farasi mwenyewe alikuwa balaa. Aliwang'ata watunzaji wawili, mmoja akashonwa mkono. Kabla ya mbio, akinusa tu farasi jike, alisahau alichojia. Katika mbio za mwisho wa msimu walikimbia saba. Akatoka wa saba. Nikahesabu tena, nikidhani labda kuna mmoja bado yuko nyuma. Hakukuwa na mtu.

Mkufunzi alituita Jumamosi, akasema maneno machache. "Mhasini Jumatatu, au mtoeni kwenye banda langu." Banda jingine lisingempokea, sifa zake zilishamtangulia. Aliyekuwa tayari kumchukua alikuwa mtu mmoja mwenye lori, anayenunua farasi kwa kilo.

Kikao kikafanyika Jumapili baada ya kanisa, nyumbani kwa shemeji, kwenye yale maghorofa ya Dixon ambako ndege zinashuka karibu kiasi kwamba unanyamaza zipite ndipo umalizie sentensi. Mimi nilikuwa katibu. Dada yangu alikuwa kwenye sinki, anaosha vyombo, ametugeuzia mgongo.

Kwetu, kaka wa mke hazungumzi mambo ya chumbani mbele ya shemeji yake, seuze dada mwenyewe akiwa hapo. Kwa hiyo kwa muda wa saa nzima watu wazima watatu walijadili kumhasi farasi bila mtu kutaja kinachokatwa. Tulisema "vile vitu". Tulisema "lile suala". Mzee akasema "mizigo yake", akajichekea.

"Mimi nimekubali," akasema mzee. "Kwa umri wangu, bwana, mambo hayo nayatazama kwa mbali."

"Mimi sikubali," akasema shemeji.

Ni muuguzi, mtu mpole, anayekunja hata mifuko ya nailoni. Kila Jumamosi alimpelekea farasi karoti, na ni yeye peke yake ambaye hakung'atwa. Alikuwa ameshamchagulia jina mtoto wa kwanza wa yule farasi. Alikuwa nalo kwenye simu, na picha ya jike aliyempenda.

"Ana damu nzuri," akasema. "Babu yake alikuwa bingwa."

"Babu yake alikimbia," nikasema. "Huyu anatembea akitongoza."

"Mpeni mwaka mmoja."

"Shemeji, lori linakuja Jumatatu."

"Tutapata banda."

"Wapi? Ghorofa ya tisa hapa?"

Mzee alicheka. Shemeji hakucheka. Akasema tena, taratibu, kwamba hakubali, na kauli moja ni kauli moja.

Nimekulia soko la Gikomba nikiuza mitumba. Mteja mgumu humbishii bei, unatafuta kitu asichotaka kisemwe mbele za watu, unakisema kwa upole. Nilikuwa nakijua cha shemeji tangu mwanzo wa kikao. Nilikuwa nimekiweka akiba.

Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Shemeji, miaka kumi na moja nyumba hii inasubiri. Sasa ndiyo unataka farasi akuzalie?"

Mzee alianza kucheka kabla hajaelewa, kisha akaelewa, cheko likamkwama. Dada alifunga bomba. Ndege ikapita, mlio wake mrefu.

"Mkateni," akasema shemeji.

Nikaandika kwenye muhtasari: wajumbe walikubaliana kwa kauli moja. Sikukumbuka mpaka niko kwenye lifti kwamba ile miaka kumi na moja ni ya dada yangu pia.

Jumatatu daktari wa mifugo alimdunga farasi sindano ya usingizi akiwa amesimama. Shemeji ndiye aliyeshika kamba, maana hakuna mwingine aliyethubutu. Farasi akalegea, akamwekea kichwa begani. Nikamwuliza daktari kama atatupunguzia bei, kwa kuwa vyote viwili viko sehemu moja. Akainama na kisu. Kikaanguka kimoja kwenye ndoo, kikaanguka cha pili. Nilichungulia, nikahesabu mara mbili. Shemeji alikuwa anatazama ukuta.

Nilikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniudhi. Farasi alitulia. Lori halikumpata. Kiangazi kilichofuata alishinda, na tukapigwa picha: mkufunzi, mzee, mimi, na farasi amesimama kama shemasi. Shemeji alisema yuko kazini. Nilijua zamu zake, hakuwa kazini.

Niliitia picha fremu nikawapelekea. Dada alifungua mlango nusu. Aliitazama vizuri, huku na huku.

"Alilia?" akauliza.

"Nani?"

"Farasi. Siku ile."

"Hapana. Alidungwa sindano."

"Mwenzake humu ndani hakudungwa," akasema, akanirudishia picha, akafunga.