Alama Zinazopotea Kabla Hujabingirika

Shuleni kwetu kila mwanafunzi lazima awe na klabu, na mimi nilichagua jimnastiki kwa sababu moja tu: kwenye mkeka hakuna anayekuuliza maoni yako. Mwalimu wa hesabu, aliyegeuka kocha baada ya semina ya wikendi moja, alitangaza kwamba tutapimwa siku ya wazazi, na atakayepata chini ya nane atahamishiwa kikundi cha kughani mashairi. Huko unasimama mbele peke yako na kupaza sauti, watu wakikutazama mdomo. Mimi hata jina langu likiitwa darasani huitika mara mbili ndipo nisikike.

Kocha alitufundisha makato kwa furaha ya mtu aliyekuwa akiyafanya miaka yote bila kupewa cheo. Unaanza na kumi, halafu unapoteza. Goti likikunjika, toa. Vidole vya miguu visiponyooka, toa. Ukitua halafu uongeze kahatua, toa. Ukikanyaga nje ya mstari, toa. Ukivuta nguo iliyopanda, toa, ingawa usipoivuta utakatwa na mama yako mkifika nyumbani. Hakuna mahali pa kuongezewa. Niliuelewa haraka mfumo huo, maana nimelelewa mtaa wa Section 58 na mama wa kanisa: asubuhi mimi ni mtoto mzuri, jioni ikifika nimebaki na nusu.

Kilichonishinda ni salamu. Kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, unamgeukia jaji mkuu, unainua mikono yote miwili, unainua kidevu, unamtazama machoni na kutabasamu. Machoni! Mtu mzima! Kwetu ukimkodolea macho mgeni hivyo utaulizwa kama unataka kupigana.

“Wewe unasalimia jaji ama viatu vyake?” kocha aliniuliza kila mazoezi.

“Anasoma saizi, mwalimu,” msichana wa nyuma yangu akajibu, na wenzake wakaangua kicheko juu ya magodoro tuliyoazima bwenini.

Siku ya wazazi, majaji walikula kwanza. Jaji mkuu alikuwa mgeni, mama wa umri wa nyanya yangu, wale ambao kwetu tunawaita cucu, ameketi kati ya kocha na mwalimu wa dini, kipaza sauti mbele yao. Nilipoitwa nilijua vizuri kabisa kwamba mikono inaenda juu. Lakini yule mama alinitazama kwa upole, na miguu yangu ikafanya ilichozoea. Ikatoka kwenye mkeka, ikavuka mstari, ikanipeleka mpaka mezani. Nikainama kidogo, nikampa mkono.

“Umeshindaje, cucu?”

“Nimeshinda vizuri, mwanangu. Na mama yako?”

“Ako salama. Ni yule wa kitambaa.”

Mama akapunga mkono. Uwanja mzima ukacheka.

Nikarudi mkekani, muziki ukaanza. Nilibingirika, nikasimama kwa mikono, goti likakunjika, nikatua na kahatua kangu. Muziki ulipoisha nilibaki katikati nikitazama chini, na majaji wakaanza kubishana bila kuzima kipaza sauti.

“Alitoka nje ya mstari,” alisema kocha wangu mwenyewe.

“Muziki haukuwa umeanza,” akajibu mwalimu wa dini.

“Na hakusalimia.”

“Hakusalimia?” cucu akauliza. “Tangu nifike hapa, nani mwingine ameniuliza nimeshindaje? Wewe?”

Kocha akakohoa.

“Hiyo ya kwanza nimehesabu,” cucu akaendelea, sasa akiniambia mimi. “Ya mwisho bado, na hiyo siwezi kukupea bure. Uko na nane kamili. Ukitoka hapo bila kuniangalia, nitatoa.”

Kwa mbali niliwaona wanakikundi wa mashairi wakinisubiri kama watu wa mazishi. Nikainua mikono. Kidevu kikafuata, kikiniuma. Macho yalipanda polepole, yakapita kitambaa cha meza, yakapita sahani, yakakwama kwenye vifungo vya sweta yake. Nikayasukuma.

Cucu alikuwa ananitabasamia ili kunitia moyo, na kwenye jino lake la mbele kulikuwa na kipande kizima cha sukuma wiki, kijani kibichi, kimetandazwa kama bendera. Nilijaribu kujizuia. Meno yangu yote yakatoka.

“Tabasamu,” akasema, akiandika.

“Hilo limezidi,” kocha akanong’ona, na kipaza sauti kikamtangazia kila mzazi.

“Nionyeshe mahali pameandikwa kukata la kuzidi.”

Kocha akafungua kijitabu chake cha semina, akatafuta. Akageuza kurasa. Cucu hakumngoja, aliandika nane.