Wa Mwisho Anamwaga Maji

Nilitoka Lubumbashi na vitu viwili vya maana: diploma yangu ya sekondari ndani ya mfuko wa plastiki, na jozi ya viatu vya kukimbilia. Diploma ililowa baharini kati ya Uturuki na Ugiriki ikawa uji. Viatu vilifika.

Safari ilichukua miaka. Zambia niliivuka juu ya turubai la lori la shaba. Dar es Salaam nilibeba magunia ya ngano mpaka mate yangu yakawa na ladha ya unga. Istanbul nilipiga pasi suruali za jinzi katika chumba cha chini ya ardhi, tukiwa wengi, na mvuke ulitufanya sote tuwe na sura moja. Italia nilichuma nyanya. Ufaransa nililala tu. Kila mahali nilikaa mpaka nikaanza kukumbuka nilikotoka, na nilipoanza kukumbuka nilifunga begi. Watu walidhani natafuta kitu. Nilikuwa kama mtu aliyeacha sufuria motoni na hakumbuki ni katika nyumba gani.

Popote nilipokuwa, asubuhi nilikimbia. Ujanani tulikimbia vijana wa mtaa mzima kupita kando ya kile kilima cheusi cha makapi ya mgodi wa shaba, mwezi wa Juni, mvuke ukitutoka midomoni, na tukadhani ile ndiyo baridi.

Brussels nilishuka basi mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha. Nikaenda mtaa wa Porte de Namur kwa sababu kila Mkongo niliyekutana naye njiani alisema, ukifika simama pale, utasikia lugha yako. Nikasimama. Baada ya muda nikamsikia maman mmoja akimfokea mtu kwenye simu kwa Kiswahili cha kwetu. Nikangoja amalize matusi, nikamsalimu. Akaniuliza mimi ni mtoto wa wapi na baba alifanya kazi gani. Jibu likamridhisha. Akanielekeza mtaa wa Schaerbeek, kwa mume wake, aliyekuwa akiwapokea watu wa kwetu Katanga wasio na pa kulala. Nilipoanza kuondoka akaniita tena.

"Unajua kukimbia?"

Nilidhani ananitania.

Mume wake tulimwita tonton, yaani mjomba. Kabla ya kuja Ulaya alifundisha michezo katika shule ya mgodi huko Likasi, halafu huku Brussels akawa mlinzi wa mlango wa ofisi mpaka akastaafu. Umri ulikuwa umeenda, lakini miguu yake ilikuwa mikavu na mirefu, na hakuwahi kumsamehe mtu anayehema. Nilimkuta jamaa mmoja wa Kolwezi, mdogo kwangu kwa miaka mingi, aliyefanya kazi ya kupakua mizigo ghalani. Yeye na mimi tulikuwa wageni wa nyumba, na chumba cha wageni kilikuwa kimoja.

Kilikuwa chumba kidogo cha chini, na kitanda, na dirisha linalotazama barabara, na kile chuma cha kupashia joto kilichonguruma usiku kucha kama tumbo lililoshiba. Mgeni wa pili alilala kwenye korido, godoro likiwa kati ya safu ya viatu na mlango wa nje. Chini ya mlango huo kulikuwa na upenyo wa kuingiza kiganja. Upepo wa Schaerbeek ulipita hapo kama mwenye nyumba.

Kodi hatukulipa. Tulikimbia. Kila Jumamosi asubuhi tonton alitupeleka Auderghem, pale msitu unapoanza, tukazunguka mabwawa mawili na kurudi kwenye geti la msitu ambako yeye, akiwa amekwisha kukimbia mzunguko wake, alisimama na chupa ya chai. Aliyetangulia alikunywa chai na kupata chumba kwa wiki nzima. Wa mwisho alipata korido. Tena, tukifika nyumbani, wa mwisho alishika ndoo na fagio, akanyunyiza maji mbele ya mlango, akafagia. Kwetu ua haufagiwi bila kunyunyizwa maji kwanza, ili vumbi lisimfuate mtu. Tonton aliihamishia desturi hiyo kwenye mawe ya Schaerbeek, na majirani Waturuki walikuwa wameshazoea kutuona tukimwagilia barabara kama bustani. Alisema anayefagia pakavu mbele yako amekutupia uchafu usoni.

Sheria nyingine ilikuwa ya msituni. Anayeanguka hainuliwi. "Muntu akianguka, aamuke ye mwenyewe," alisema, na alipoona mmoja wetu anageuka kumtazama mwenzake, alituamuru turudi tuanze upya.

Disemba yote nililala na viatu. Jamaa wa Kolwezi alikuwa na mapafu ya ng'ombe. Alikuwa ananipita kwenye bwawa la pili akiimba, na usiku alipokuwa anaingia chumbani kwake alikuwa anaruka godoro langu na kuniita mzee: "Vieux, nisalimie biatu." Kifua kilianza kunibana. Nilikuwa naamka kabla ya alfajiri kwenda kuosha vyombo katika jiko la hoteli, na kila asubuhi nilikohoa juu ya beseni mpaka mpishi akaniambia kwa Kifaransa kwamba nikikohoa tena nikakohoe kwetu. Nilikitaka kile chumba kuliko nilivyotaka kibali cha kukaa Ubelgiji. Kibali nilikifikiria mara moja moja. Chumba nilikifikiria kila upepo ulipopita.

Januari baridi ikageuka. Mvua ilikoma, anga likawa la buluu na gumu, na vidimbwi vya barabarani vikawa vioo. Jumamosi ya kwanza ya hali hiyo niliteleza kwenye mzizi nikaangukia kiwiko. Jamaa wa Kolwezi aliniruka vilevile alivyokuwa anaruka godoro. Nilibaki chali nikitazama matawi, machozi yakinigandia kwenye kope, na nilisikia viatu vyake vikienda mbali, kra, kra, kra. Kelele pekee zilikuwa hizo. Nilipofika getini tonton alikuwa anafunga kifuniko cha chupa.

Siku hiyo kwa kuwa barafu ilikuwa imeshika, alisema maji tuyaache, nimwage chumvi tu. Nalitaja hili kwa sababu baadaye wengine walisema mzee hakujua hatari ya maji. Alijua.

Katikati ya wiki, nikitoka kazini, nilimwona bibi mmoja Mbelgiji akishuka kilima cha barabara yetu. Kila mtu alikuwa ameshika ukuta. Yeye alishuka katikati ya njia na mfuko wake wa mikate, wima, kama anatembea kwenye zulia. Nilipomtazama miguuni, alikuwa amevaa soksi nene za sufu juu ya viatu.

Jumamosi ilipofika nilingoja mpaka tulipofika getini, nikatoa soksi mbili kuukuu za sufu mfukoni, nikazivuta juu ya viatu vyangu. Jamaa wa Kolwezi alicheka mpaka akaketi chini. Akauliza kama viatu vyangu vina mafua. Tonton hakucheka. Alizitazama tu, akapiga makofi tuanze.

Sijawahi kukimbia namna ile. Baridi ilianzia masikioni ikashuka kwenye meno, pumzi ilikwaruza koo, ndevu zikawa za barafu. Lakini ardhi ilinishika. Kila nilipokanyaga, sufu iling'ang'ania barafu na kuachia, na mbele yangu niliona mgongo wa yule jamaa ukiyumba, mikono ikipepea. Kwenye bwawa la pili, pale njia inapolala upande kuelekea majini, miguu ilimtoka yote miwili kwa pamoja. Alianguka kifudifudi na kuteleza hadi kwenye matete. Nilipompita aliinua uso. Pua ilikuwa inavuja damu. Alinyoosha mkono.

Nilimwambia anisalimie matete.

Niliinywa ile chai kabla sijaipata. Nilikuwa nayo mdomoni tangu bwawani. Nilifika getini peke yangu, nikasimama mbele ya tonton nikihema, na yeye akatazama miguu yangu. Hakufungua chupa. Tukangoja mpaka yule mwingine akaja akichechemea, kitambaa puani. Ndipo tonton akamimina chai, akampa yeye.

"Soksi inaikala ndani ya kiatu," akaniambia. "Weye ulikimbia na soksi inje. Donc haukukimbia."

Nilisema nimezunguka mabwawa yote mawili, na hakuna sheria ya soksi. Alijibu kwamba sasa ipo. Jamaa wa Kolwezi alikunywa chai yangu huku damu ikidondokea kikombeni, naye safari hii hakuwa na utani. Tukapanda metro, treni ya chini ya ardhi. Nilivua soksi nikaziweka mapajani, barafu yake ikayeyuka na kunilowesha suruali.

Nyumbani niliuliza chumvi iko wapi. Tonton alikuwa kwenye korido anavua koti. Akasema leo ni maji.

"Tonton, itaganda."

"Uko nanifundisha baridi? Miye nilikuya huku weye ukiwa bado na kamasi ku mapua. Beba ndoo."

Maman alitoka jikoni akamwambia mumewe aache, hata mbwa hamwagiwi maji siku kama ile. Hakumsikiliza. Nikavaa tena zile soksi juu ya viatu, nikabeba ndoo. Nilinyunyiza kama nilivyofundishwa na mama yangu, kwa kiganja, kuanzia kizingitini kwenda nje. Sikubakiza jiwe. Vidole viliacha kuwa vyangu. Matone yalipogusa mawe yalikuwa maji, nilipofika na fagio yalikuwa kioo, na fagio lilipita juu yake bila kushika kitu. Nilifagia hivyohivyo, nikifagia hewa.

Tonton alikuwa na kawaida ya kukagua. Alitokea mlangoni, mikono nyuma, kidevu juu, amevaa ndala za nyumbani. Alipiga hatua moja.

Mlio ulikuwa mdogo, kama wa tawi kavu. Alilala ubavu mbele ya miguu yangu na macho yamemtoka, na kwa muda alinitazama kama vile nimesema jambo ambalo hakulisikia vizuri. Maman alipiga ukelele, akataka kutoka, akateleza kizingitini akashikwa na jamaa wa Kolwezi. Wote wawili hawakuweza kufika. Mimi tu ndiye niliyekuwa nimesimama imara pale, kwa sababu ya soksi. Maman akaniambia nimwinue. Niliinama.

"Usiniguse," tonton akasema.

Alijaribu kuamka mwenyewe. Aliweka kiganja, kikateleza. Akaweka kiwiko. Alijaribu tena na tena, akisaga meno, na kila alipoinuka kidogo mguu mmoja ulibaki umeelekea upande usiofaa. Maman alikuwa analia na kunitaja jina. Nilisimama na fagio nikamtazama, kama tulivyofundishwa. Jirani wa Kituruki ndiye aliyepiga simu, akatupa majivu kutoka dirishani ili wale wa ambulensi wapate pa kukanyaga.

Ilikuwa nyonga.

Jioni ile nilihamisha blanketi langu hadi chumbani. Nilikuwa nimeshinda. Jamaa wa Kolwezi aliniona nikipita na blanketi, akasogea. Alilala na viatu wiki zote ambazo tonton alikuwa hospitali, na mimi nililala nimeegemeza mgongo kwenye kile chuma, nikakoma kukohoa. Maman alikuwa anarudi kutoka kumwona mumewe, anapita mlangoni kwangu bila kugeuza shingo. Porte de Namur watu waliacha kunisalimu. Nilisikia wakisema kwamba nilimwaga maji kwa siri, alfajiri, nyumba ikiwa imelala. Yule jamaa alikuwepo, alisikia kila neno. Hakukanusha.

Tonton alirudishwa mwishoni mwa Februari kwenye kiti cha magurudumu. Ngazi za kwenda juu hakuziweza, kwa hiyo chumba kilikuwa chake. Maman alinijia jikoni akasema mumewe ameamua. Kwenye korido panatosha mtu mmoja, na huyo ni wa Kolwezi. Mimi niliyefika wa mwisho, niondoke Jumamosi. Nilimuuliza yeye mwenyewe anasemaje. Alikuwa anaosha sombe, kisamvu cha kwetu. Aliendelea kuosha.

Jumamosi hiyo kulikuwa na jua kali na baridi kavu. Begi lilikuwa tayari. Nilibisha hodi chumbani kumuaga. Alikuwa amelala kichwa kikielekea dirishani, fimbo kando yake, na amepungua sana. Mle ndani mlikuwa na joto zuri.

"Tonton, minaenda."

Hakuuliza ninakokwenda. Alinitazama viatu, akahakikisha soksi ziko ndani.

"Ufagie kwanza," akasema.

Nilikwenda kuchukua ndoo. Maman alikuwa ameshaijaza na kuiweka kizingitini, na fagio limeegemezwa pembeni. Mawe ya mbele ya mlango yalikuwa meupe kwa chumvi ya wiki nzima iliyosagwa na miguu ya watu ikawa vumbi laini. Barafu haikuwepo. Maji yasingeganda. Nilisimama na begi mgongoni nikitazama ile ndoo.

Niliiacha pale. Nikashika fagio nikaanza kufagia pakavu, kwa nguvu, kuelekea kwenye nyumba. Vumbi la chumvi liliinuka likapiga kioo cha dirisha la chumba.

"Siko nasikia maji," sauti ya tonton ikasema ndani.

Nikafagia.

"Siko nasikia maji!"

Fimbo ikaanza kugonga kioo. Niliegemeza fagio ukutani mahali pake, nikakaza mikanda ya begi, nikaanza kukimbia kushuka kilima kuelekea kituo cha mabasi. Niliisikia ile fimbo mpaka kwenye kona.