Ngozi ya Ngoma ya Baba

Watu wakimsifu kaka yangu Makarius mbele yangu, mimi huguna tu. Eti hakuna mpiga ngoma kama yeye kuanzia Songea hadi mto Ruvuma! Kweli, sibishi. Hata Wamatengo waliteremka milima yao kuja kumtazama. Lakini hao hawakuishi naye nyumba moja. Mimi Benigna nimetoka tumbo moja naye, na ninawaambia: huyo fundi wenu alikaa miaka sita bila kumwamkia mama yetu mzazi.

Kisa kilianza Wajerumani walipotuchomea mashamba na maghala kwa sababu ya vita vya Maji Maji. Baba alikuwa amepigana, na askari walikuwa wanamtafuta. Siku aliyokimbia nyumbani kwetu Mpitimbi, alimkabidhi Makarius ngoma yake kubwa. Akamwambia, "Ninajificha msituni huko kusini. Askari wakiondoka, panda kilimani uipige hii. Nikiisikia, nitarudi."

Makarius akaishika ile ngoma kama roho yake. Akawa analala nayo kichwani.

Kisha njaa ikaingia. Acheni kabisa! Tulikula mizizi, tukala majani ambayo hata mbuzi angeyakataa, kama mbuzi angekuwepo. Makarius alivimba miguu akawa hawezi kusimama, na bado kila asubuhi anauliza, "Askari wameondoka?"

"Bado," mama anamjibu. "Kula, upate nguvu za kupiga ngoma."

Naye anakula, machungu hivyohivyo.

Siku moja mama alikwenda kuchimba mizizi, akakaa huko siku mbili. Alirudi na udongo hadi kwenye viwiko, na hakuleta mzizi hata mmoja. Alichukua kisu, akakata kamba za ngoma ya baba, akaiwambua ngozi, akailoweka, akaichemsha tangu asubuhi hadi jua likapinduka. Tukala. Mimi nililamba vidole na nikaomba niongezwe, na sioni haya kulisema. Makarius naye alikula, amelala, macho nusu yamefumba, hajui anakula nini. Siku ya tatu alipopata nguvu za kugeuza shingo, akaiona ngoma iko wazi mdomo.

"Umemuua baba," akamwambia mama.

"Maliza kwanza kula," mama akasema.

Askari walipoondoka na miguu ilipopona, Makarius akaniaga mimi tu, akaenda zake. Akajichongea ngoma nyingine. Akawa anapiga kijiji hadi kijiji, anateremka kusini, na kila alipopiga aliugeuzia mdomo wa ngoma upande wa Ruvuma. Vijana wakadhani huo ndio ufundi wenyewe, wakaanza kumwiga. Wajinga! Mwenzao alikuwa anamwita baba yake.

Na mama je? Alimfuata. Kila baada ya mavuno alitafuta ngozi ya mbuzi, akaikuna vizuri, akampelekea huko aliko. Mwaka wa kwanza kaka aliiacha chini. Mwaka wa pili aliinuka akahamia upande mwingine wa uwanja, watu wanacheka. Mimi roho ikaniuma.

"Mama, mwache," nikamwambia.

"Nimwache aende wapi? Ni wangu."

Nilikuwa nimewakasirikia wote wawili, nisidanganye. Kile kiburi cha kaka alikirithi kwa nani, kama si kwa huyohuyo mama?

Mwaka wa sita, boma la Songea likaita wapiga ngoma wa pande zote kwa sikukuu ya Kaizari wao. Tukasikia kwamba Makarius naye yupo, na kwamba sikukuu ikiisha atavuka Ruvuma aende kwa Wareno, na hatarudi mpaka ampate baba.

"Basi," mama akasema. Akajitwika ule mzinga mtupu wa ngoma ya baba, ngozi mpya kwapani, tukatembea kutwa nzima. Kesho yake akaingia moja kwa moja katikati ya wachezaji. Askari mmoja akamfokea. Thubutu! Hakugeuka hata kumtazama. Akautua mzinga mbele ya Makarius.

"Sema mbele ya watu nilichokukosea," akamwambia.

Ngoma zikanyamaza. Kaka akasema, "Uliipika ngoma ya baba. Nikakosa cha kumwitia."

"Siku ile nilipokwenda kuchimba mizizi, nilimkuta baba yako korongoni, ana jeraha. Alifia mikononi mwangu. Nilimzika kwa mikono hii, peke yangu. Nilipotoka kumzika ndipo nilipoiwambua ngoma. Angekuwa hai, nisingeigusa, hata kama tungekufa wote."

Miye nikakaa chini palepale. Hata mimi sikuwa najua.

"Miaka sita!" kaka akasema. "Miaka sita unakuja na ngozi, husemi!"

"Kila nilipokuja nilikukuta bado una mtu wa kumwita. Nikashindwa kukunyang'anya."

"Na siku ile yenyewe je? Mbona hukuniambia?"

Mama akamtazama mtoto wake. "Ulikuwa unakula ili umngojee," akasema.

Kaka yangu, huyo mnayemsifu, alilia kamasi zikamtoka mbele ya boma zima. Kisha akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akamjibu, akamtupia ncha moja ya ngozi. "Shika huko, tuvute."

Wakaiwamba palepale, kila mmoja anavuta upande wake.