Kishona Nguo Kwenye Kanzu ya Baba Mkwe

Mwaka ule nilianguka kutoka kwenye boda boda, nikaumia kiuno, na daktari akanikataza kushika jembe. Nyuma ya nyumba yetu, kwenye mteremko wa kilima cha Kibuli, nilikuwa na kishamba cha sukuma wiki na mahindi. Mama aliyekuwa akiniuzia mbegu akanipa njia.

"Usilime. Kaa kwenye kigoda, kata magugu kwa panga, mizizi iache ardhini, majani yalaze chini ya mboga. Yataoza, yawe mbolea."

Shida ilikuwa baba mkwe, Mnubi na mwanajeshi mstaafu, tuliyekuwa tukiishi naye. Kwake yeye, jani moja uani lilikuwa utovu wa nidhamu.

"Hii ni shamba ama ni pori?" akauliza asubuhi ya kwanza.

"Ni shamba, baba. Majani yanalisha udongo."

"Udongo inakula majani? Mimi nilifikiri ni mbuzi."

Mume wangu alicheka mpaka chai ikampalia.

Kisha nikaenda Bugolobi kumuuguza dada yangu. Wiki mbili tu, lakini niliporudi kishona nguo, gugu ambalo mbegu zake hunasa nguoni, kilikuwa kimeshachanua na kukausha mbegu. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Kabla sijagusa panga, baba mkwe, akiwa amechelewa kwenda msikitini, alikatiza shambani na kanzu yake nyeupe.

Alirudi upindo mweusi kwa vimbegu hadi magotini.

"Wazee watatu wamenichambua kama wananyonyoa kuku," akasema, "na bado hawajamaliza."

Nikakaa mkekani kumtoa vimbegu vilivyobaki, mbavu zikiniuma kwa kuzuia kicheko. Nilijua sasa ataamuru shamba lote lilimwe.

"Hii nayo ni chakula ya udongo?"

"Hii pia, baba, ila ikatwe kabla ya kuchanua. Nimechelewa, kosa ni langu."

Akabandua kimbegu kimoja mwenyewe, akakitazama. "Basi kazi ni kuwahi tu. Kuwahi mimi najua."

Jumamosi alfajiri nilimkuta shambani na panga, akikagua mistari kama gwaride. Mchicha wa porini, ambao hapa tunauita dodo, alinichumia wa kupika. Sangari, nyasi ambayo hushika mizizi tena ikilazwa ardhini, aliianika juu ya mawe mpaka ikafa kabisa.

Kiangazi kilipokaza, shamba la jirani yetu mwalimu lilipasuka nyufa. Kwetu nilifunua majani makavu, nikakuta udongo mweusi, una unyevu, minyoo inajinyonganyonga. Nikamwita baba mkwe. Aliinama, akachota konzi, akaangua kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho.

Ng'ambo ya ua, mwalimu alikuwa amekusanya magugu yake, kiberiti mkononi.

"Mwalimu, usichome!" baba mkwe akapaza sauti. "Kama hutaki, leta huku!"

Mwalimu akayaleta, gunia zima, akabaki mpaka magharibi akiuliza maswali. Baba mkwe ndiye aliyemjibu yote. Mimi nilikwenda kusonga posho, ugali wetu wa hapa.