Siku Tuliyopiga Dari Bila Wimbo

Jumba lile la Kivinje lilianza kama nyumba ya tajiri wa pembe za ndovu. Wajerumani wakalifanya ofisi, Waingereza wakaja wakaligeuza chuo cha ualimu. Kuta zake za mawe na chokaa zilikuwa nene, lakini vyumba vyembamba ajabu. Wageni waliucheka wembamba ule, wasijue kwamba boriti ya mkoko inayobeba dari ina urefu wake, na ukitaka chumba kipana kuliko boriti umejitafutia balaa.

Mwaka ule dari ilivuja, tukaitwa sisi wanawake wapiga dari. Chokaa ikishamwagwa juu haingoji mtu: hupigwa kwa vibao kutwa, siku mfululizo, hadi ikaze. Tulipiga kwa wimbo ili mikono iende pamoja. Siku ya tatu ikaangukia mtihani wa mwisho. Chini yetu walikaa wanafunzi, na kaka yangu wa tumbo moja akiwamo. Nyumbani Miteja wote walikuwa wakimngoja awe mwalimu, awatoe kwenye jembe.

Msimamizi wetu akaamuru tupige polepole, bila wimbo. Tukanyamaza. Hapo ndipo nilipoisikia. Karibu na ukuta wa kati kibao changu hakikulia ngo, kililia bu, kama nazi iliyooza. Nikagonga tena. Bu. Nikamwambia msimamizi boriti zimekwisha kuoza.

"Kazi yako kupiga, si kusikiliza!"

Loo, nilipandwa na hasira! Nikashuka ngazi mbio hadi mlangoni. "Tokeni! Dari inaanguka, tokeni!"

Mzungu wa mtihani akanyanyua mkono, akasema atakayetoka harudi. Wakatulia vitini, wananitazama kama mwehu. Kaka yangu alinitazama mimi, akatazama juu, akaweka kalamu chini. Akatoka peke yake.

Tukasimama uani, mimi na yeye, tunasubiri mshindo. Adhuhuri ikaadhiniwa, dari iko pale pale. Wenzake wakatoka wakicheka, mmoja akamwuliza kaka yangu kama nimemroga.

Masika yaliyofuata dari ikaporomoka, asubuhi ya Ijumaa, chuo kimefungwa kwa likizo, hamna mtu. Ncha za boriti zilizoingia ukutani zilikuwa zimeoza, unazivunja kwa vidole. Watu wakaja kunipa mkono, eti nina masikio. Nilitamani kuwazaba makofi. Kaka yangu alikuwa Miteja, anapalilia mihogo.

Hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana. Wale waliobaki vitini wote nawajua, na mama zao nawajua, tumekula nao harusini na tumelia nao matangani. Wamekuwa walimu, wanaheshimika. Lakini, Mungu anisamehe, kila nilipomwona kaka yangu ameinama na jembe, nilitamani dari ile ingewaangukia siku ile ile.