Aliyekuja Kumuulizia Festo

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi, nikiwa macho, sijanywa hata soda, na aliyenitoa pale mlangoni yuko hai mpaka leo. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, maana nikifika huko mbele sitakuwa na hamu ya kuchekwa.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Iringa mjini. Kwetu ni Tukuyu, Mnyakyusa wa kuzaliwa. Nilikuja huku kutafuta maisha nikaoa Mhehe wa upande wa Idodi, barabara ya kwenda hifadhini. Tembo kule si wanyama wa kwenye picha. Mpunga ukianza kuinama wanatoka porini, na watu wanahamia mashambani kulala kwenye madungu, vile vichanja vya miti, wakigonga madebe mpaka kupambazuke. Kila msimu kuna debe ambalo linaacha kusikika kabla ya asubuhi.

Shemeji yangu Festo, mdogo wake mke wangu, ndiye aliyelipatia dawa jambo hilo. Alikuwa kijana mpole, kichwa chake kinachemka. Alichukua programu huria moja ya zamani, ile aina ambayo kila mtu anaruhusiwa kuifungua na kuibadili, akaigeuza iwe inawasikiliza tembo. Akasimika nguzo kuzunguka kijiji na ndani yake, kila nguzo na kifaa chake kinachohisi mtikisiko wa ardhi. Mtu akipita hakishtuki, ng'ombe akipita hakishtuki. Tembo akikanyaga karibu, kompyuta iliyoko ofisi ya kijiji inatuma ujumbe kwenye simu za watu wote: Tembo, Nguzo ya Mto. Na chini yake jina la mlinzi, ili watu wajue wa kumuuliza: Festo.

Halafu Festo mwenyewe akauawa na tembo, jioni, akiwa njiani kwenda kukagua nguzo. Watu walipofika walikuta nyayo za tembo zimeanzia katikati ya njia. Hazikutoka porini na hazikurudi porini. Matanga yalipoisha ukoo ulikaa kumtafuta wa kurithi jina lake, na unajua anayerithi jina la marehemu anabeba vyote, watoto, mifugo, mpaka ugomvi. Wajomba walikataa. Baba wadogo walikataa. Walisema yule hakuwa tembo wa porini, na hawataki kujua alikuwa wa nani. Jina la Festo likabaki hivyo hivyo, halina mtu. Mimi hayo ya kikao sikuyajua, mkwe haitwi kwenye vikao vya namna hiyo.

Radi ikaja kuipiga ile kompyuta. Mwenyekiti wa kijiji akahangaika akapata nyingine, mpya, na ndipo mke wangu akanishika shati. "Baba Anita, mama analala dunguni peke yake. Festo hayupo, simu hazilii. Unataka nimzike na yeye?" Ungejibu nini? Nilipanda basi kesho yake.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Msimbo wa Festo, yale maandishi ya programu yake, ulikuwepo kwenye flashi, mama mkwe aliifunga kwenye ncha ya khanga pamoja na funguo zake. Ila mfumo wa Linux uliokuwa kwenye kompyuta mpya ulikuwa wa juzi, na programu ilikuwa ya miaka hiyo. Nikiijenga, inagoma. Maktaba moja, kipande cha programu kilichokuwa kinaongea na modemu ya kutuma ujumbe, ilishabadilishwa jina. Lugha ya Python aliyoitumia, toleo lake lilishaachwa na wenyewe. Kile chombo kinachogeuza maandishi ya fundi kuwa programu kimekuwa kikali siku hizi. Kitu kimoja kikitajwa kwenye mafaili mawili, zamani chombo hicho kilikuwa kinanyamaza, sasa kinakataa katakata. Nikirekebisha hapa panaharibika pale. Siku ya kwanza ikaisha hivyo, ya pili nayo ikaelekea kuisha, na mwenyekiti akawa anachungulia dirishani kila mara akiuliza, "Vipi fundi, imekubali?"

Jua lilikuwa linazama lilipobaki kosa la mwisho. Programu ilikuwa inalitafuta jina la mlinzi pamoja na namba yake ya simu, na namba ya Festo ilishafungwa na mtandao. Nikafuta. Niliweka kidole kwenye kitufe, herufi zake zikaondoka moja moja, nikaandika jina langu na namba yangu mahali pake. Nikaijenga tena. Ikakubali! Sikufichi, niliruka kwenye kiti. Nikatuma ujumbe wa majaribio, nikasikia simu zinalia nyumba kwa nyumba, watu wanapiga vigelegele, na mimi kwa furaha nikasema kwa sauti, peke yangu mle ndani, "Sasa Festo ndiye mimi."

Naomba unielewe. Ulikuwa utani wa mtu aliyechoka.

Haukupita muda simu yangu ikalia. Tembo, Nguzo ya Mto. Nikafurahi kwamba mashine inafanya kazi. Ikalia tena: Nguzo ya Kisima. Tena: Nguzo ya Kanisa. Hapo nikasimama, maana kutoka mtoni kuja kanisani ni ndani ya kijiji, na hakuna mbwa aliyebweka, hakuna debe lililogongwa, hakuna mti uliovunjika. Tembo gani huyo anapita katikati ya watu kimya? Nikajiambia kuna nyaya nimezichanganya. Nikawa nazikagua, simu ikalia mara ya mwisho. Nguzo ya Shule. Ofisi ya kijiji na shule vimegusana ukuta.

"Hodi."

Sauti hiyo niliisikia tumboni kabla ya masikioni. Vikombe vya mwenyekiti vilitikisika kwenye trei. Mlango ulikuwa wazi, na nje alisimama mwanaume mrefu, kichwa chake kinakaribia bati la baraza, amevaa koti lililojaa vumbi jekundu kuanzia mabegani mpaka chini. Peku. Alinuka majani mabichi yaliyovunjwa na samadi mbichi. Uso wake sikuuona vizuri, mwanga wa kompyuta ulimfikia kifuani tu. Nikatazama nyuma yake kumtafuta huyo tembo aliyeshtua nguzo. Hapakuwa na kitu kingine uwanjani. Alikuwa yeye peke yake.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene," nikajibu. Ni salamu ya huku, na mtu mzima akikusalimu huwezi kunyamaza.

"Festo yupo?"

Akaendelea taratibu, kama mtu anayeulizia ng'ombe wake aliyepotea. "Nilimwacha amelala kule njiani. Nilijua tumemalizana. Jioni hii nimemsikia anaita tena kijiji kizima."

Na sasa sikiliza ujinga niliofanya. Mtu akiogopa husema ukweli wa karibu. Nikasema, "Festo hayupo, mzee. Mimi ndiye nimeshika nafasi yake."

Yule mtu akashusha pumzi ndefu. Karatasi zilizokuwa mezani zikapeperuka hadi ukutani. "Basi njoo," akasema, "twende tukamalizane."

Nikaenda. Nataka ulijue hilo, kwamba nilikwenda. Sikushikwa, sikuvutwa. Miguu ilinyanyuka yenyewe, nikapita meza, nikafika kizingitini, na moyoni nililia nikimuwaza mwanangu Anita. Nilijaribu kulitaja jina langu mwenyewe nikashindwa kulikumbuka. Lililokuja mdomoni lilikuwa Festo.

Ndipo mama mkwe akatokea pembeni ya ofisi na hotpoti ya chakula changu kichwani. Macho yake yana ukungu, hasa giza likianza kuingia, lakini masikio yake ni mazima. Alisimama katikati yetu, akaishusha hotpoti chini polepole.

"Muache huyo," akasema. "Huyo ni mkwe. Mtoto wa watu wa Tukuyu, kwao kuna baba yake na babu yake. Hii jina si yake. Hii jina haijapewa mtu, na mkwe hawezi kurithi kwetu."

Yule mtu hakusogea.

"Umesikia? Ukoo haujatoa mtu. Rudi."

Yule mtu aliinamisha kichwa, akamnusa mama mkwe. Ndiyo, alimnusa, kuanzia utosini mpaka mikononi, na mama hakurudi nyuma hata hatua. Kisha akageuka. Nilimtazama akivuka uwanja wa shule bila kusikia kishindo, na mfukoni simu ikawa inalia kila alipopita: Kanisa, Kisima, Mto. Nilikaa chini pale pale kwenye saruji. Jina langu lilinirudia, nikalitamka mara nyingi huku nalia, bila aibu, mbele ya mkwe wangu.

Mama mkwe naye alilia, lakini machozi yake yalikuwa mengine. "Umemuona?" akaniuliza. "Umemuona Festo wangu? Alivyoinama vile? Tangu mdogo anainama vile nikimgombeza."

Wewe ungemwambia nini? Mtu hajiulizii mwenyewe. Aliyekuja alikuwa anamtafuta Festo, na alishasema mwenyewe alimwacha wapi.

Asubuhi nilimwambia mwenyekiti kwamba nalitoa jina langu. Tatizo ni kwamba Festo aliijenga programu isiwake bila mlinzi. Bila jina, hakuna ujumbe, na usiku wa kwanza wa kazi yangu, programu ikiwa bado inagoma, tembo wa kweli waliingia upande wa pili wakaangusha dungu la jirani, mwenyewe akanusurika kwa kujitupa mtaroni. Nikamwomba mwenyekiti niandike lake. Alikuwa ameshasikia habari. Akasema ana kikao Pawaga, akapanda pikipiki yake akaondoka. Nikazunguka nyumba kadhaa. Kila mtu anaitaka kompyuta, hakuna anayetaka kuandikwa. Nikasema basi, nitatunga jina la uongo. Mama mkwe akaniuliza, "Na mwenye hiyo jina akiwepo mahali?"

Nikaliacha hilo la kutunga.

"Andika langu," akasema. "Mimi ndiye nilimzaa. Nani mwingine wa kumrithi? Akirudi anikute mimi."

Nilimbembeleza, baba yangu, nilimbembeleza. Nilipiga simu kwa mke wangu akaongea naye. Nikamwambia wazi kwamba yule hakuwa Festo. Aliniangalia kwa huruma, akanishika mkono, akasema wewe mkwe ni mgeni, hukumjua vizuri. Madungu yote yalikuwa yanangoja, jua linapanda, watu wamesimama nje ya ofisi wananitazama mimi. Nikaandika jina lake. Programu ikajijenga bila kosa hata moja.

Tangu siku hiyo tembo hawajaingia tena mashambani. Mpunga umevunwa wote, madungu yameanza kuoza, na nikienda kijijini watu wananipa kuku. Mimi ujumbe unanifikia huku Iringa kwa sababu ndiye fundi wao. Kila jioni, giza linapoingia, simu inalia mara mbili tu. Nguzo ya Mto. Nguzo ya Kisima. Haifiki Kanisani, inaishia hapo, na nyumba ya mama mkwe iko kisimani. Alfajiri inalia tena kwa kurudi nyuma. Nimeshabadilisha simu, nimeshabadilisha mlio, bado nikiusikia natapika. Programu nyingine za zamani sizijengi tena. Wateja wanakuja nazo, nawaambia nimesahau kazi.

Mara ya mwisho tulipomtembelea alikuwa amekonda, lakini amechangamka sana. Anapika ugali wa watu wawili. Anasema mwanawe hali chakula siku hizi, anakaa tu pale kwenye mkeka anamsikiliza. Tatizo la mama ni miguu, imemvimba tangu masika, hawezi kuvuka hata uwanja. "Inaniuma," aliniambia tukiwa peke yetu, "kila siku mwanangu ananiomba nimsindikize, na mimi siwezi. Mgeni anaondoka bila kusindikizwa, ni adabu hiyo? Nitafutie dawa, mkwe. Nikipata nafuu nitamsindikiza hata hapo njiani tu."

Dawa niliipata siku ile ile niliporudi mjini. Iko kwenye droo ya kazini, nimeifungia. Mke wangu haongei na mimi. Anasema sikudhani utakuwa mchoyo kwa mama yangu. Anaona miguu ya mama yake, haoni kule inakotaka kwenda.

Kwa hiyo wewe unayerithi kazi za mafundi waliotangulia, ukifungua programu ya zamani ukakuta jina la mtu, usilifute. Uliza kwanza yuko wapi, na kama amekufa uliza nani alikubali kumbeba. Na kama uko hapa Iringa, ukapigiwa simu na mama mmoja wa Idodi, sauti nzuri, mpole, anakuomba umnunulie dawa ya miguu, nakuomba kwa jina la Mungu, mwambie imeisha madukani.