Siku Niliyowachosha Askari wa Kapalata

Sifichi, kichwa kilikuwa kimenivimba: nilichaguliwa kwenda Ulaya kukimbia kilomita mia moja. Asubuhi moja nikapita mbio mbele ya kambi ya Kapalata, macho kwenye saa, nikasikia askari watatu wanakuja nyuma yangu na mabuti yao. Nikadhani wamependa mazoezi. "Inueni magoti!" niliwahimiza, nikaongeza mwendo. Mmoja mmoja wakaanguka majanini wakihema. Nilijisifu kilomita nane nzima, mpaka gari aina ya jipu la komanda wao, yuleyule wa kusaini ruhusa yangu ya safari, likanizibia njia.

"Citoyen," komanda aliniita, yaani raia, "bendera ilikuwa inapanda. Mutu yote alisimama, hata mbuzi ya kambi. Weye tu ulikimbia!"

Nikaomba msamaha, miguu bado inarukaruka palepale.

Akaitazama. "Bon. Karatasi yako nitasaini siku utajua kusimama."